Rangi ya Kucha Katika Ukungu wa Newala

Nilifunga safari kwa sababu ya macho ya dada yangu. Mama Saidi, dada yangu mkubwa, aliolewa Chilangala, huko juu Newala, na kwa miaka miwili mtoto wa jicho alikuwa akimfunga macho yote mawili taratibu. Tukasikia kwamba daktari wa macho amefika hospitali ya Mkomaindo, hapa kwetu Masasi, na kwamba mwisho wa kupokea wagonjwa ni Ijumaa saa saba mchana. Atarudi lini tena, hakuna aliyejua. Nikamwomba Baba Neema, dereva wa pikapu ya parishi yetu, tukamchukue.

Alhamisi asubuhi, baada ya sala, tuliondoka. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, maduka yalipoanza kujaa tena baada ya dhiki, na Baba Neema alikuwa amefunga plagi nne mpya za injini. Njia nzima alizisifu kama mtu anayesifu wakwe. Mpaka Chiungutwa, tulipokunywa chai, injini ilikuwa inanguruma vizuri.

Tulipoanza kupanda mlima tuliingia kwenye ukungu. Hapo injini ikaanza kuruka: inavuta mara tatu, ya nne inakosa. Mafundi husema gari linamisi. Baba Neema alilaumu petroli, maana zamani za uhaba ilichanganywa na mafuta ya taa. Lakini tulipofika Newala mjini jua lilitoka, na ugonjwa ukaisha wenyewe.

"Limesikia sala zako, Mwalimu," akasema. Mimi ni katekista, mwalimu wa dini kanisani, ndiyo maana watu huniita hivyo. Nikamshukuru Mungu, tukaendelea bila hata kufungua boneti. Hapo nilikosea. Shukrani haimkatazi mtu kuuliza.

Chilangala tulifika alasiri. Nilimwamkia dada shikamoo, akaitikia marahaba huku akinipapasa uso.

"Umekonda," akasema. "Au mikono yangu nayo imeanza kuona vibaya?"

Jioni alinieleza kwamba mjukuu wake wa mwisho anamjua kwa sauti tu. Hakulalamika. Alikuwa amekwisha funga kanga zake na kifuko cha korosho za kukaanga za kumpa daktari.

Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi ukungu ulikuwa mzito, hata mikorosho ya uani haikuonekana. Injini ilimisi tangu tulipoiwasha. Kwenye mchanga ilizimika mara mbili, wakulima wakatusukuma. Tuliingia Newala saa mbili na nusu, basi la Masasi likiwa limekwisha ondoka. Wenyeji walituambia ukungu wa namna ile hauondoki kabla ya adhuhuri. Kungoja jua kulikuwa sawa na kumkosa daktari.

Tulielekezwa kwa Fundi Ausi, kijana mpole mwenye gereji nyuma ya soko. Hakugusa kitu kwanza, alisikiliza. Kisha, injini ikiwa inaunguruma, akaanza kuchomoa nyaya za plagi mmoja mmoja kwa kitambaa kikavu na kuurudisha. Wa kwanza, injini ikayumba. Wa pili, ikayumba. Wa tatu, hakuna kilichobadilika.

"Huyu ndiye mvivu," akasema. "Ukimtoa kazini, wenzake hawajui kama hayupo."

Nilimwuliza kama plagi ndiyo mbovu. Badala ya kunijibu alizima, akaihamishia plagi ile kwenye silinda ya kwanza, akawasha tena. Mvivu akabaki wa tatu. Akabadilisha na waya, mvivu akabaki wa tatu. Nilianza kuipenda njia yake: hakumhukumu mtu kabla ya kumhamisha na kumtazama. Mwisho akafungua kifuniko cha distribyuta, chombo kinachogawa moto wa umeme kwa kila plagi. Kilikuwa na ufa, na ndani ya ufa kitu cha manjano, chenye kunata. Akakinusa.

"Utomvu wa mkorosho. Jua likiwaka unakauka, ukungu ukija unanyonya maji, na moto unapotelea humu. Nani alikufundisha dawa hii?"

Baba Neema aligeuka. Alinitazama mimi.

Ni kweli. Miaka ya uhaba kifuniko kilipopasuka na kingine hakipatikani, nilimpa utomvu ninaogandishia vitabu vya nyimbo. Huku chini kwenye ukavu ulishika, tukausahau.

Duka la vipuri lilikuwa na plagi, mikanda na taa za kila namna, lakini kifuniko chetu hakikuwapo. Fundi akaanza kukwangua utomvu kwa ncha ya wembe, akaniambia niende sokoni nikalete rangi ya kucha. Nilidhani ananitania. Katika darasa langu la kipaimara nimewarudisha nyumbani wasichana wengi kwa ajili ya rangi hiyo.

"Rangi gani, babu?" akauliza mama muuzaji.

"Yoyote."

"Haiwi yoyote. Bibi mwenyewe anapenda ipi?"

Nikachukua nyekundu. Fundi alikausha kifuniko juu ya jiko la muuza chai, nami nikakishika huku yeye akiupaka ufa ndani na nje kwa rangi ile isiyonyonya maji. Rangi ilipokauka tukawasha. Silinda zote nne zikaitikia, ndani ya ukungu uleule. Dada, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha mbele, akasema, "Sasa limeacha kigugumizi."

Masasi tulifika saa saba kasorobo. Daktari alimpokea, akampasua jicho moja.

Kesho yake muuguzi alipofungua bandeji nilikuwa nimemshika dada mkono. Alipepesa jicho, akainama, akatazama kwa muda mrefu.

"Mwalimu wa dini," akasema, "nani amekupaka kucha?"

Kidole gumba changu kilikuwa chekundu bado.

Wiki iliyofuata tulimrudisha Chilangala, tukapita katika ukungu bila injini kukohoa. Mjukuu alimkimbia kwanza, kwa kuwa hakuwa amezoea kutazamwa na bibi yake.

Jumapili, katika darasa langu, msichana mmoja alificha mikono chini ya dawati. Niliiona rangi kabla hajaificha. Nikamwomba atusomee yeye. Akasita, kisha akatoa mikono na kufungua kitabu, kimoja cha vile nilivyovigandisha kwa utomvu. Kurasa zilikuwa zinashika vizuri.