Gari Ambalo Punguza Hakulipunguza

Jina alilopewa na wazazi wake lilishasahaulika. Mtaani, gereji, hadi misibani aliitwa Punguza, na alistahili. Alikuwa dalali wa magari yaliyotumika, na ufundi wake ulikuwa mmoja tu: kujipenyeza chini ya dashibodi na bisibisi, kuirudisha nyuma mita ya kilomita, kisha kutoka na gari "lililokuwa la mama mmoja hivi, akiendea sokoni tu." Huyo mama mmoja, ukiwauliza waliolizwa, alikuwa na magari kuliko serikali. Punguza aliwachekea wateja mpaka gego la mwisho, na wakishageuka aliwasonya.

"Watu wazima na ndevu zao," alimwambia fundi wake, "wanapiga teke tairi, eti wamekagua gari!"

Basi hata shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa, hakusalimika. Alimuuzia gari lililochoka mpaka roho, mita imepunguzwa ikapendeza. Likaja kuzimika njiani siku dada mtu anakimbizwa kujifungua. Shemeji akasukuma, dada akajifungulia kiti cha nyuma, na mtoto akatoka salama kwa bahati tu. Tangu siku hiyo dada hakukanyaga kwa Punguza wala kupokea simu yake. Na Punguza alifanya nini? Alisema shemeji hajui kutunza gari. Ptuu!

Lakini uzee hauna adabu. Mke alishamkimbia, marafiki walikuwa wa biashara, na nyumba ikawa kimya hata runinga ikiwashwa. Ndipo akamkumbuka dada yake, ambaye sasa alikuwa akitembea kwa miguu kwenda zamu hospitali. Punguza alikuwa na gari lake mwenyewe, zee lakini zima, ambalo mita yake hakuwahi kuigusa. Si kwa uaminifu, msije mkamsifu bure. Mpishi mchafu anajua sufuria ipi asile yeye.

Akaazima simu ya jirani, dada akapokea bila kujua.

"Dada, nakupa gari langu. Bure kabisa. Nataka tu tuwe tunaonana."

"Mdomo wako siutaki," dada akasema. "Niletee ripoti ya gari. Ikiwa safi, nitakufungulia mlango."

Punguza akaenda ofisi ya ukaguzi kifua mbele, kwa mara ya kwanza maishani hana la kuficha. Akapewa ripoti. Juu yake, kwa herufi kubwa: MITA IMERUDISHWA NYUMA.

Hebu fikiria. Yeye! Kwa gari hilo!

Aliisoma mpaka macho yakamtoka. Ukaguzi wa zamani uliandikwa kilomita laki tisa na zaidi. Wa juzi, elfu tisini na tano. Akaelewa papo hapo, maana mita ndiyo dini yake. Pale ofisini, mkaguzi huchungulia dirisha la gari na kutaja namba moja moja kwa sauti, karani akiandika huku amejibanza kivulini. Mkaguzi wa zamani alizitaja zote sita, pamoja na ile nyekundu ya mwisho, ambayo haihesabu kilomita bali vipande vyake. Tisini elfu ikawa laki tisa.

"Mbumbumbu gani kaandika hivi?" akafoka dirishani. "Laki tisa? Hili gari limekwenda mwezini likarudi?"

"Baba, kila mtu huja hapa na hadithi yake," karani akajibu bila kuinua uso.

Punguza akamburuta kwa maneno mpaka nje, akamwonyesha namba nyekundu. Jazba ikampanda. "Tazama hizi skrubu, hazina mkwaruzo! Tazama namba, zimenyooka! Ningeirudisha mimi, hii ya tatu ingekaa upande!"

"Ungeirudisha wewe?" karani akauliza.

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mmoja aliyewahi kununua kwake akapaza sauti: "Msikilizeni, huyo ni profesa!" Punguza akawaona takataka wote, akawasonya, ila masikio yalimwaka moto. Hata hivyo karani alipekua kumbukumbu, akaona kosa, akasahihisha na kugonga muhuri. Ripoti ikawa safi, na safari hii ilikuwa ya kweli.

Alifika kwa dada yake amevaa shati la pasi. Mlango ukafunguliwa. Kijana aliyezaliwa kiti cha nyuma alimwamkia, akampisha kiti. Dada akavaa miwani, akaisoma ripoti polepole. Kisha akatoa simu na kumwonyesha picha: ripoti ileile, ya kabla ya kusahihishwa. Aliiomba mwenyewe ofisini, kwa kuwa alimjua ndugu yake.

"Hii ilisema laki tisa," akasema. "Yako inasema tisini elfu."

"Wamesahihisha, dada. Walikosea wao. Haki ya Mungu, sijaigusa!"

Kiapo hichohicho alikuwa amemwapia shemeji, sebule hiyohiyo. Alijisikia akikitamka.

Dada akavua miwani. Hakukasirika, na heri angekasirika.

"Yaani siku hizi mpaka ripoti unazipunguza?" Akaikunja karatasi, akamrudishia mkononi. "Chai ipo. Kunywa, halafu uniondolee hilo gari mlangoni."