Msikilizaji wa Mkaguzi

Mkaguzi wa ndani wa ofisi yetu hula peke yake, maana akiingia tu chumba cha chai, mazungumzo hukatika kama redio iliyoishiwa betri. Chumba chake na changu vimetenganishwa na ubao mwembamba, kwa hiyo namsikia. Ripoti zake huziandika kwanza kwa penseli. Hufuta "inasemekana", hufuta "kwa kiasi fulani", hupuliza vumbi la kifutio, kisha humwita mama wa chai aketi, yeye amsomee kwa sauti. "Usipoelewa wewe, mama, bosi naye hataelewa." Mama husikiliza, sinia mapajani. Akikwama husema, "Hapo umeniacha njiani, mwanangu," wakacheka, naye akafuta tena. Sijawahi kumsikia akicheka na mtu mwingine.

Juzi alisoma: "Kila asubuhi mhudumu wa chai huacha mlango wa ghala wazi kwa nusu saa anapokwenda kuchota maji. Ufunguo akabidhiwe mtu mwingine." Nikasikia sinia likiwekwa mezani.

"Umeelewa, mama?"

"Nimeelewa. Leo hakuna cha kufuta."

Mkaguzi akakohoa, akasema taratibu kwamba hakuona namna nyingine ya kuliandika. "Najua," mama akajibu, akatoka.

Tangu siku hiyo kikombe cha mkaguzi huachwa nje ya mlango wake, kimefunikwa kwa kisahani. Leo asubuhi nimemsikia akisoma ripoti mpya kwa sauti, akinyamaza kila baada ya sentensi, akingoja.