Kaburi la Kupigia Picha

Shimo lile nililipima kwa mwili wa dada yangu. Nasema hili mapema kwa sababu yote yaliyofuata yalianzia hapo, na aliyeshika kamba nilikuwa mimi.

Kiwanda cha kuchambua pamba nilikokuwa nikitunza stoo kiliuzwa, tukapunguzwa kazini. Nikabaki na muda mwingi na kadi ya maktaba. Nilisoma kila nilichopata kuhusu watu wa kale wa ziwa hili, na Jumapili niliokota vipande vya mawe yaliyochongwa, nikaviandikia namba na mahali nilipovikuta. Majirani wa Igoma waliamini kukosa kazi kumenigusa kichwa. Kisha wakaja wageni wenye kamera, wakitafuta mtu wa kuwaelekeza. Walitaka watu wanane waishi wiki tatu ufukweni, upande wa Sengerema, kama walivyoishi wa zamani: ngozi, mawe, moto wa kupekecha, chuma marufuku. Siku hizo vituo vya televisheni vya watu binafsi vilikuwa ndiyo kwanza vinaingia, na kila mtu alitaka kuonekana ndani yake.

Dada yangu mkubwa, mjane aliyeuza dagaa Mkuyuni, alikuwa wa kwanza kujiandikisha.

"Wametoka kwao kote huko kuja kutazama mtu asiye na kiberiti," alisema. "Si wangekuja tu kwangu mwisho wa mwezi?"

Wiki ya pili mwongozaji wa picha akataka mazishi ya kuigiza. Nikamwonyesha mchoro kitabuni: maiti kalazwa ubavu, magoti yamekunjwa hadi kifuani. Mkalimani wao akauliza nani atakuwa maiti. Wote wakageuka kutazama ziwa.

"Nitalala mimi," dada akasema. "Tangu nizae mtoto wa kwanza sijalala mchana bila kuitwa."

Nikamlaza kwenye nyasi, nikampima kwa kamba ya katani: fundo kisogoni, fundo kiunoni, fundo magotini. Kwetu mtu hapimwi hivyo akiwa hai. Nilijua. Niliona ni imani tu, na kazi ilihitaji vipimo.

Wanaume wawili walichimba kwa vijiti vyenye ncha na mifupa ya bega la ng'ombe. Udongo wa pale ni mwekundu, mgumu. Kwenye kina cha kiwiko ukageuka mweusi, laini, wa kuchota kwa mikono. Nikashuka kutazama. Weusi ule ulikuwa na ukingo, umepinda kama figo, na ukingo wenyewe ulifuata mstari niliouchora juu kwa kamba yangu. Nilikuwa nimesoma vya kutosha kujua maana yake. Udongo ukishafunguliwa mara moja haurudii rangi yake, hata ipite miaka elfu. Mifupa huisha, rangi hubaki. Wachimbaji walifurahi kwamba kazi imekuwa rahisi. Sikusema kitu. Ningesema, mwongozaji angehamisha mazishi au angeita kamera, na mimi sikutaka lolote kati ya hayo kabla sijaandika vipimo.

Dada akashuka, akajikunja. Wakamrushia udongo kidogo mabegani, wenzake wakalia, tena wakalia vizuri kuliko walivyoelekezwa. Kamera ikazimwa, wakamwita atoke. Wakamwita tena. Mimi nilikuwa nimewapa mgongo, nimeinamia daftari, naandika vina vya shimo. Walipomwita mara ya tatu nikainua kichwa. Alikuwa amekwisha simama ukingoni, anajipangusa.

"Mle ndani kuna joto," alisema. "Na goti langu limekuta pamechimbwa mahali pake. We mwanamume una vipimo!"

Hakuna aliyekuwa amechimba mahali pa goti.

Mwongozaji akaagiza shimo liachwe wazi, huenda wangerudia siku yenye mwanga bora. Asubuhi yake akapita mama mmoja wa kijiji cha jirani na mzigo wa kuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaburi la nani?"

"Hakuna aliyekufa, mama. Ni la picha tu."

"Ardhi umeiambia hivyo?" Akautua mzigo. "Kaburi halilali tupu, mwanangu. Likikosa mtu, lipewe mgomba, na watu waulilie. La sivyo litamfuata aliyepimwa."

Nilicheka kwa adabu. Lakini siku ile dada hakula, wala kesho yake. Siku ya tatu, saa sita mchana, nilimkuta nyuma ya mwamba amelala ubavu, magoti kifuani, macho wazi. Nikamwita mara mbili. Mara ya tatu akaitika.

"Sauti zenu zinatoka mbali," alisema.

Ndipo nikamweleza habari za udongo mweusi. Alinisikiliza hadi mwisho. Hakunitukana, na hilo lilinitisha kuliko tusi.

"Kwa hiyo ulinilaza juu ya mtu."

"Sikuwa na hakika."

"Hakika ulikuwa nayo, ukaiandika." Akainuka kwa kushika mwamba. "Katafute mgomba."

Nikapewa shina shambani kwa yule mama, nikalikata kwa kipimo cha kamba ileile, fundo kwa fundo. Tukalilaza shimoni, na kamba juu yake. Dada akakaa kwenye mwamba kutusimamia.

"Lia," akaniambia.

Nikajaribu.

"Unalia kama mtu aliyepoteza kalamu. Lia, mdogo wangu. Ni mimi huyo."

Nikalia. Tukafukia. Jioni alikula sato mzima, akadai mwingine.

Mwaka uliofuata kanda ya picha ile ilifika kwenye banda la video la Igoma. Tulikwenda wote wawili, saa tisa alasiri. Kwenye picha dada analazwa, udongo unamwangukia, watu wanalia. Halafu shimo linajazwa, watu wanaondoka. Ilikuwa siku ya mgomba: walitupiga picha kutoka mbali bila kutuambia, wakaunganisha. Hakuna mahali anapoinuka. Mwanamke aliyekaa mbele yetu akasema, "Masikini," akajifuta macho kwa kanga.

Dada alikuwa ameshika karanga mkononi bila kuzila. Watu walipoanza kutoka, hakusimama.

"Wewe ulikuwepo," akasema polepole. "Uliniona nikitoka?"

Daftari lile ninalo hadi leo. Vina vyote vimo, rangi za udongo zimo, saa ya kuanza na ya kumaliza. Mahali pa jibu la swali lake pana mstari mtupu.

"Nilikuona," nikamwambia. "Ulitanguliza mguu wa kulia."

Akautazama mguu wake wa kulia kwa muda. Kisha akasimama kwa mguu huohuo, nikamfuata nje juani.