Kumi ya Zamani

Stush Hudak aliendesha lori la maziwa miaka mingi kwenye barabara ya kulipia ya Pennsylvania, na mtu akimuuliza anakaa wapi, hakutaja mji. Alisema, "Kumi na moja." Watu wa huko walizungumza hivyo: shangazi yuko saba, mazishi ni tisa, pai nzuri ya cheri iko kumi.

Halafu wakubwa wa barabara wakabadilisha namba. Zile za zamani zilihesabu tu njia za kutokea kwenye barabara hiyo, moja, mbili, tatu, kuanzia mpaka wa Ohio. Mpya zikafuata vibao vya maili vilivyosimama kando ya lami. Kumi na moja ya Stush ikawa mia moja arobaini na sita. Stush akagoma.

"Wao wamehamisha namba," alisema. "Mimi sijahama."

Mgomo huo haukumdhuru mtu mpaka alipokutana tena na Leona Kostelnik. Walisoma darasa moja utotoni, na sasa wote wawili walikuwa wamefiwa na wenzi wao. Kwenye msiba wa rafiki yao, Leona alionja tambi za kabichi alizopika Stush, akamwambia hazina chumvi. Tangu mkewe afariki hakuna aliyewahi kumkosoa. Stush alirudi nyumbani akipiga mluzi.

Wakapanga kukutana Jumamosi, saa sita mchana, katikati ya kwake na kwa Leona.

"Nikufuate?" Stush aliuliza kwenye simu.

"Nimepata leseni yangu mwaka huu. Marehemu hakunigusisha usukani maisha yake yote, na wewe usianze."

"Basi toka namba kumi. Mkahawa wa paa jekundu."

Saa sita ikapita. Saa saba ikapita. Verna, mhudumu wa mkahawa, alimjazia kahawa tena.

"Amekutosa, mzee wangu?"

"Leona hatosi mtu. Akikuchoka anakwambia usoni."

"Ulimwelekeza wapi?"

"Kumi."

Verna akaweka birika mezani. "Kumi ipi?"

"Kumi ni kumi, Verna."

"Hapa siku hizi ni mia moja na kumi. Kumi iko kule karibu na Ohio. Huyo mama umesema kajifunza gari juzi, anasoma vibao. Hasomi kichwa chako."

Stush alimwona Leona akilini, mikono yote miwili kwenye usukani, akiupita mji mkubwa wa njiani uliomtisha, akizidi kwenda mbali naye. Atadhani amechezewa. Akaacha kahawa ikifuka moshi.

Akaelekea magharibi. Vibao vilishuka: tisini, themanini, sabini. Miaka yote alivipita kama nguzo za uzio. Leo alikuwa akikiomba kila kimoja msamaha.

Kwenye namba kumi mpya palikuwa na kituo cha mafuta. Leona alikuwa ndani ya gari lake la buluu, mlango wazi, viatu amevua, pai aliyooka mwenyewe ikiwa mapajani. Alikuwa ameila zaidi ya nusu.

"Nimeuliza paa jekundu mpaka mtu wa pampu ananihurumia," alisema bila kuinua macho. "Nikasema, nikimaliza pai hii naenda zangu, na Stush Hudak simjui."

"Nimekosea namba, Leona."

"Hukukosea. Umekuwa mkaidi. Kukosea ningekusamehe upesi."

"Na ukaidi?"

"Huo nimelala nao kitanda kimoja miaka arobaini. Niliapa sitaki mwingine."

Stush alisimama, kofia mkononi. Akatoa neno alilokuwa nalo.

"Nakaa mia moja arobaini na sita."

Leona akamtazama. "Rudia."

Akarudia. Lilitoka kwa shida, kama jiwe kwenye kiatu. Leona akafuta uma kwa leso, akampa.

Walipomaliza pai, jua lilikuwa limeinama, na Leona akaufikiria ule mji mkubwa ulioko mbele kwa hofu aliyojaribu kuificha.

"Tangulia wewe," Stush akasema. "Nitakuwa nyuma yako."

"Naendesha polepole."

"Sijaona kinachonikimbiza."

Na kweli alikwenda polepole. Malori yaliwapita yakipiga honi. Stush, aliyekuwa havumilii gari mbele yake hata kwa maili moja, aliwasha taa za tahadhari akabaki nyuma ya lile gari la buluu, kibao baada ya kibao, mpaka Leona alipowasha kiashiria mapema mno, mbali kabisa na njia yake ya kutokea, naye akawasha cha kwake.