Chiriku na Dawa ya Sukari

Mtaani kwetu hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Wote tulimwita Chiriku, kwa sababu alikuwa kama ndege yule: akifungua mdomo, kuufunga ni shida. Kabla watoto hawajavaa sare za shule, sauti yake ilikuwa imeshaingia majikoni, saluni na kwenye vibanda vya mafundi simu. Alikuwa mtangazaji wa kipindi cha asubuhi cha redio, na alikuwa na utani wa kumchekesha hata mfiwa.

Watu walidhani mtu anayejulikana namna hiyo lazima awe na hela. Akiingia dukani kuomba sabuni ya mkopo, muuzaji anacheka. "Chiriku mzima unakopa sabuni? Acha kutufanyia kipindi hapa." Naye anacheka pamoja naye, na sabuni anapewa, lakini njia nzima ya kurudi nyumbani uso umemwiva kwa aibu.

Studio yenyewe ungeiona usingeamini. Ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vipuri vya pikipiki, kuta zimebandikwa trei za mayai ili sauti isirudi. Feni ilikuwepo, ila haikuruhusiwa kuwaka wakati wa kipindi kwa sababu ilikuwa inalia kama mbuzi. Chiriku alining'iniza shati kwenye msumari, akatangaza akiwa na fulana ya ndani, jasho likimtiririka hadi kwenye maikrofoni, huku akiwaambia wasikilizaji kwamba asubuhi hii kuna kaupepo katamu. "Haya matrei," alipenda kumwambia fundi mitambo, "wangetubandikia na mayai yake, angalau tungeshiba."

Mshahara hakuwa nao. Alianza kama mtu wa kujitolea, akaendelea kuwa mtu wa kujitolea mpaka mvi zikamtoka kidevuni. Alichopata ni posho, inayokuja ikitaka na kupotea ikitaka, na fungu dogo la tangazo lolote atakalolileta mwenyewe. Mkurugenzi hakuwa mtu wa kukataa. Angekuwa wa kukataa ingekuwa afadhali, mtu angejua moja. Yeye alikuwa mpole, anakushika bega.

"Tukikaa sawa, mwanangu, wewe ndiye wa kwanza. Mkataba wako naujua kuliko ninavyoijua sala."

Wenzake walishachoka na sala hiyo. Mmoja aliondoka akawa dereva wa lori la mchanga, akajenga. Mwingine alimfuata mwanasiasa, kazi yake ikawa kumbebea mkoba na kumsifia. Chiriku alibaki. Alikuwa anaamini kwamba sauti ni kipaji, na kipaji siku moja hulipa. Nyumbani waliokuwa wanalipa ni mke wake na cherehani yake. Mke wake, Mama Pacha, alishona sare, mapazia, na magauni ya watu wa harusi zilezile ambazo mumewe alikwenda kusherehesha siku za Jumamosi. Hakuwa mtu wa kulalamika, ila alikuwa na neno moja akiulizwa mumewe anafanya kazi gani. Anasema, "Anajulikana."

Sasa, pacha wao walipofaulu kuingia sekondari wote wawili kwa mpigo, furaha ile ilikaa nyumbani kwa siku moja tu. Kesho yake Chiriku alipanda ngazi za ofisi ya mkurugenzi.

"Mzee, safari hii nina shida ya kweli. Naomba mkataba, hata uwe mdogo."

"Na mimi nilikuwa nakutafuta," mkurugenzi akasema. "Kaa. Kuna mdhamini anataka kipindi chako. Ukimshika huyu vizuri miezi mitatu, mkataba nauweka mezani mimi mwenyewe."

Mdhamini alikuwa amekaa kwenye kochi, mtu mnene mwenye kalamu tatu mfukoni, anajiita Mtaalamu. Alikuwa anauza dawa ya kisukari, maji ya kahawia kwenye chupa ya plastiki. Hakutaka tangazo la kurekodiwa. Alimtaka Chiriku mwenyewe.

"Watu wanakuamini wewe," alisema. "Usiwasomee karatasi. Waambie nyumbani kwako kuna mtu anaitumia. Una mzazi mwenye sukari?"

Chiriku alikuwa naye. Mama yake mzazi alifariki yeye akiwa mdogo, akalelewa na mama mkubwa, dada ya mama yake, aliyekuwa mpishi wa shule. Mama mkubwa huyo sasa alikuwa amestaafu, anakaa chumba chake mtaa wa pili, na kisukari alikuwa nacho siku nyingi. Alimeza vidonge vya kliniki kwa wakati, kama saa.

"Ninaye mama mkubwa," Chiriku akasema.

"Basi yametimia."

Kesho yake asubuhi, katikati ya utani na muziki, tulimsikia akisema: "Mimi siwadanganyi, jamani. Mama yangu mkubwa, aliyenilea huyo, alikuwa hata ngazi hapandi. Ameanza dawa hii, siku hizi anatembea kama msichana anayewahi posa. Vidonge vyake? Kaviweka kabatini vinaliwa na vumbi." Akacheka kile kicheko chake, na sisi tukacheka.

Jioni mkewe alimuuliza bila kuinua macho kwenye kitambaa. "Mama mkubwa kaanza lini dawa hiyo?"

"Ah, ni maneno ya biashara tu."

"Maneno ya biashara hayawezi kumtaja mama wa mtu mwingine?"

Na tusidanganyane, miezi ile ilikuwa mizuri. Ada ililipwa. Pacha walipata viatu vipya, sio vya kupokezana. Muuzaji wa duka akapunguza vicheko. Dawa ilinunuliwa kama maji, Mtaalamu akaongeza chupa kubwa, na Chiriku akawa anaitangaza kila asubuhi kwa maneno mapya, mama mkubwa akizidi kuwa kijana kila wiki. Mara aliruka kamba, mara alikuwa anatafuta mchumba.

Kwa mama mkubwa mwenyewe hakuwa amekwenda. Kila Jumapili alikuwa na harusi nyingine au uchovu wa harusi ya jana yake. Alimpigia simu, mama mkubwa akasema yuko salama, anamsikia redioni, anacheka sana. Maneno hayo yakamtosha.

Siku alipoitwa, aliyepiga simu ni jirani wa mama mkubwa, mwanamke anayeuza mkaa. Alisema tu, "Njoo hospitali. Usiende nyumbani, njoo moja kwa moja hospitali."

Alimkuta kwenye wodi ya wanawake, kitanda cha karibu na mlango. Alikuwa amekonda, midomo imekauka. Mguu wa kulia ulikuwa umefungwa, na harufu yake ilikuwa inajulisha kila kitu kabla daktari hajasema neno. Alijikwaa kidole, kikafanya kidonda, kidonda kikakataa kupona, kikapanda. Daktari, binti mdogo aliyechoka, alimuita Chiriku pembeni.

"Sukari yake haikuwa na kizuizi kwa muda mrefu. Aliacha vidonge. Kuna kitu alikuwa anakunywa, chupa hii." Akaionyesha. "Mguu hatuwezi kuuokoa. Tukichelewa, tutampoteza mwenyewe." Kisha akamtazama vizuri. "Samahani, mbona sauti yako kama naijua?"

Chiriku akasema anaifananisha.

Alirudi kitandani, akapiga magoti chini, akamshika mama mkubwa mkono.

"Mama, kwa nini uliinunua? Si ungeniuliza mimi?"

Mama mkubwa alimtazama kama mtu anayetafuta namna ya kusema jambo bila kumuumiza mtoto.

"Siku ile uliposema redioni, mama mkaa alikuja mbio kuniuliza. Wakaja na wengine. Mama mkubwa wa Chiriku, ni kweli? Sasa mimi nikujibie nini, mwanangu? Niseme mtoto wangu mwongo? Nikawaambia ni kweli, naitumia. Halafu nikaona, mtu mzima nimesema uongo mbele za watu. Nikaenda nikainunua, ili usiwe mwongo."

"Na vidonge?"

"Ulisema nimeviweka kabatini," akajibu. "Nikaviweka kabatini."

Chiriku alilaza uso kwenye shuka la hospitali, mama mkubwa akawa anampapasa kichwa, yeye mwenye mguu wa kukatwa ndiye anayembembeleza mzima.

Mguu ulikatwa chini ya goti. Asubuhi iliyofuata Chiriku hakwenda wodini. Alikwenda studio, akavua shati, akakaa mbele ya maikrofoni. Muda wa tangazo ulipofika, Chiriku alisema hivi, na wengi wetu tulimsikia:

"Dawa hii ni uongo. Mama yangu mkubwa hakuwa anaitumia nilipowaambia anaitumia. Niliwadanganya kwa hela. Alianza kuitumia kwa sababu yangu, na jana amekatwa mguu. Msinywe. Mwenye vidonge vya hospitali, ameze vidonge vyake."

Fundi mitambo alikuwa ameganda, hajui aweke muziki au aache. Simu ya studio ikaanza kulia, Chiriku akaipokea hewani kwa mkono wake.

Mpigaji alikuwa anacheka hadi anakohoa. "Chiriku, wewe utatuua! Eti kakatwa mguu! Juzi ulisema anaruka kamba, sasa sijui ataruka na upi!"

"Sitanii, kaka. Nasema kweli."

"Ndiyo hivyohivyo, usicheke, ndiyo maana tunakupenda!" Simu ikakatika.

Wa pili alikuwa mwanamke. Alisema utani mzuri, ila anaomba aelekezwe duka, mumewe ana sukari na chupa imeisha. Chiriku alianza kumpigia kelele, "Dada, usinunue, dada nisikilize," na hapo muziki ukaingia. Mkurugenzi alikuwa amefika, amemsukuma fundi mitambo, amebonyeza kitufe mwenyewe. Mtaani watu walisema Chiriku leo kapitiliza, leo kavunja rekodi. Kwa muda wote alioishi akituchekesha, hatukuwa tumejifunza kumsikiliza kwa namna nyingine.

Mkurugenzi hakufoka. Alimuweka Chiriku ofisini, akafunga mlango.

"Unataka kunifungia redio?"

"Nifukuze, mzee. Sitaitangaza tena."

Mkurugenzi akatabasamu kwa huruma, akamshika bega. "Nikufukuze kutoka wapi, mwanangu? Wewe ni mtu wa kujitolea. Umeacha kujitolea, basi. Nakutakia kila la heri."

Ile miezi mitatu ilikuwa imeshapita kitambo. Mkataba haukuwa umewekwa juu ya meza yoyote. Hakuwa na barua ya kuachishwa, hakuwa na kiinua mgongo, hakuwa na kitu cha kupeleka kwa mwanasheria zaidi ya mdomo wake. Na kabla wiki haijaisha, msichana mmoja mwenye wafuasi wengi kwenye simu alikuwa amekaa kwenye kile kiti, naye wa kujitolea, akisema kwa sauti laini kwamba bibi yake anaitumia.

Chiriku alizunguka vituo vingine. Kimoja kilimwambia wadhamini wanamuogopa. Kingine kilimuuliza ana wafuasi wangapi. Cha tatu walimpokea kwa vifijo, wakapiga naye picha, wakamwambia aanze kesho, atakuwa wa kujitolea kwanza mpaka wakae sawa. Aliondoka bila kuaga.

Kwa mama mkubwa alikwenda kila siku sasa. Alimbeba kumpeleka bafuni, alimchemshia maji, alimfundisha kutumia magongo. Alitamani atukanwe. Mama mkubwa hakumtukana. Alimuomba jambo moja tu: "Hapa mtaani usiwaambie kwamba ulidanganya. Waache wajue dawa haikunikubali. Mimi ndiye niliyewahakikishia." Kumbe mama mkaa naye alikuwa ameshampelekea kaka yake chupa mbili.

Mwishowe kazi aliipata kwa tajiri wa magodoro. Alipewa gari dogo la wazi lenye spika mbili juu na magodoro nyuma, dereva na maikrofoni ya waya. Walizunguka mitaani wakitangaza magodoro kwa bei ya jumla. Jumamosi jioni bila kukosa analipwa, tena anasaini. Mama Pacha aliposhika ule mshahara wa kwanza alikaa nao mkononi muda mrefu, akasema, "Kwa hiyo sauti ilikuwa inaweza kulipwa." Hakuwa anacheka.

Siku moja dereva alikata kona akaingia mtaa wa mama mkubwa. Chiriku akaweka maikrofoni mapajani.

"Tangaza," dereva akasema. "Mtaa huu una watu."

"Tupite tu."

"Tajiri akituona tumekaa kimya, nani atamjibu?"

Chiriku alikuwa anatazama mbele. Dereva akaguna, akaichukua maikrofoni kwa mkono mmoja, mwingine kwenye usukani. Alikuwa na sauti mbaya yule dereva, imekwaruzwa na sigara, tena anatafuna maneno. Alibwata hivyohivyo: magodoro, magodoro, wahini magodoro.

Mlango ukafunguka, akatoka mwanamke na mtoto mgongoni. Ukafunguka na mwingine. Wakalisimamisha gari, wakabonyezabonyeza godoro, wakauliza bei, wakanunua mawili. Dereva akahesabu hela zake akipiga mluzi, akamtazama Chiriku kwa jicho la pembeni.

"Kumbe wala si kazi ngumu," akasema, akawasha gari.