Aliyesimama Pembeni Akimtazama Binti wa Sinema

Siku ninayoikumbuka, mwanangu, ilikuwa siku ya kuanika muhogo. Nilikuwa nyuma ya nyumba yangu hapa Kitahana, nimetandaza turubai langu la zamani, la wakati ule kambi ya wakimbizi ya Mtendeli imejaa watu. Nilibadilishana na mama mmoja Mrundi kwa maharage, na mpaka leo halijatoboka. Mama yule alikuwa mcheshi! Lakini habari zake nikizianza hutaondoka hapa.

Basi akaja mjukuu wangu Oliva na kijana mgeni. Oliva yupo sekondari, anakaa kwangu kwa sababu mama yake anafanya biashara ya mawese Buhigwe. Mama yake aliponiachia alisema, "Mama, huyu ni wako. Ukisema ndiyo ni ndiyo, ukisema hapana ni hapana." Kijana akajitaja kuwa anaitwa Gervas, ametoka Kasulu mjini. Begani ana kamera, usoni ana miwani ya jua ambayo hakuivua hata aliponisalimia. Mtu asiyenionyesha macho mimi namkaribisha nusu. Kiti nilimpa, maji sikumpa.

"Mwakeye, bibi," akanisalimia kwa Kiha.

"Twakeye. Unauza nini?"

"Bibi!" Oliva akaona aibu. "Hauzi kitu. Anatengeneza filamu. Na mimi ndiye staringi."

"Ni filamu ya binti anayevunja ungo, bibi," Gervas akasema. "Mila zetu. Watu wote wataiona kwenye simu. Na hii tunatoboa!"

"Mila zetu zipi?"

Akanihadithia. Binti amekua. Bibi yake, na huyo bibi nilitakiwa niwe mimi, anamfungia ndani. Ngoma zinalia, binti anavalishwa shanga, anatafutiwa mzee mwenye ng'ombe. Analia. Asubuhi anakwenda mtoni peke yake na kanga, kijana wa bodaboda anamwona, wanapendana palepale, wanakimbia pamoja. Imekwisha.

"Humo hakuna anayelima?"

"Bibi, nani atakaa aangalie mtu analima?"

Oliva akacheka, na mimi nikaona jinsi anavyomtazama yule kijana. Si kwa mapenzi, hapana. Alimtazama kama mtu aliyeitwa jina lake na watu wa mbali. Hapo ndipo nilipoingiwa na wasiwasi wa kweli.

Sasa, sikia. Sitaki kusemea Waha wote, nasema ukoo wetu. Kwetu binti akivunja ungo halipigwi hata debe. Anaitwa shangazi yake, ambaye sisi tunamwita masenge, naye anakuja na jembe. Wanakwenda shambani wawili tu, masenge anampimia kijisehemu chake cha maharage, na maneno yote yanasemwa huko huko wakiwa wanalima. Apitaye njiani anaona wanawake wawili wameinama, basi. Mambo ya mwili wangu mimi nilielezwa huku natazama udongo, na nadhani ndiyo maana sikuona haya, maana hakuna aliyekuwa ananichungulia usoni. Halafu unapanda, unapalilia, unavuna, na yale maharage ni yako, hata baba hayagusi. Ukubwa unakuja hivyo, kidogo kidogo, mpaka siku moja unashtuka watu wanakuuliza unaonaje.

Nikamwuliza Gervas hizo ngoma amezitoa wapi. Kabla hajajibu akapita Mwalimu Somoe, jirani yangu, anakuja kuchuma kisamvu. Huyu serikali ilimleta huku, kwao ni Mtwara, na nilijua kwao ngoma za mabinti zipo. Nikamwita, nikamwonyesha shanga alizokuja nazo Gervas, ambazo Oliva alishazifunga kichwani.

Mwalimu akashika kiuno akacheka. "Nani kakufunga hizi?"

"Kwani si mila yenu?" nikauliza.

"Wapi, bibi! Kwetu hazikai hapo. Na mambo yetu ya ndani hayaonyeshwi kwa watu, sembuse kamera."

"Si yetu, si yenu. Basi ni mila ya nani?"

Gervas akajikuna shingo. "Ya filamu, bibi. Watu wameshazoea hivyo."

Angalau hapo alisema kweli. Na mimi nikamkumbuka masenge wangu.

Nilipokuwa msichana, gari la sinema lilikuja Kasulu, karibu na kwetu wakati huo. Walifunga kitambaa cheupe kwenye nguzo mbili uwanjani, jua lilipozama tu wakaanza. Lugha hatukuijua, lakini binti tulimwelewa. Alikuwa mtoto, ameinama kisimani na mtungi. Muziki ukalia. Alipoinua kichwa, ni mwanamwali! Kisha akaonekana mtoni, yuko peke yake, anaimba. Sisi wasichana tulipiga kelele mpaka tukakemewa. Njiani tukaimba wimbo wake kwa maneno ya kubuni.

Masenge, aliyetupeleka, alitembea nyuma yetu. Baadaye akaniuliza, "Yule binti pale mtoni alikuwa na nani?"

"Peke yake, masenge."

"Peke yake? Na sisi tumemwona kwa macho ya nani?"

Tulicheka, tukasema mama huyu hajui sinema. Hakukasirika. "Chekeni," akasema. "Ila ukionyeshwa binti ukaambiwa yuko peke yake, mtafute aliyesimama pembeni. Huyo ndiye mwenye hadithi. Na tena, eti amekua kwa kuinua kichwa! Mimi mlivyonichosha kuwalea, hiyo miaka ilikwenda wapi?"

Masenge hakusoma hata darasa moja. Mimi nilisoma kidogo, nikaacha. Lakini swali lake halijaniacha.

Nikamgeukia Gervas. "Hapo mtoni Oliva atakuwa na nani?"

"Peke yake, bibi."

"Na wewe?"

"Mimi si nipo nyuma ya kamera."

"Na nani mwingine?"

"Mshika taa. Na jamaa wa bodaboda. Na washkaji wa kubeba vitu."

Oliva akainua kichwa. Hilo hakuambiwa.

"Basi uacheni huo mto," nikasema. "Mengine yote acheze. Na mimi nitakuwa huyo bibi mbaya, sura ninayo."

Mwalimu Somoe akacheka, hata Gervas alicheka. Kisha akaacha. "Bibi, bila mto hakuna filamu. Watu wanasubiri pale."

"Watu gani?"

Aliyeuliza si mimi. Ni Oliva.

"Watu tu. Watazamaji."

"Wanasubiri nifanye nini?"

Gervas akaipandisha miwani yake puani. Akatazama kamera, akatazama muhogo. Oliva akazifungua zile shanga, akazilaza juu ya begi la Gervas, akaenda kugeuza muhogo ambao haukuwa na haja ya kugeuzwa.

Usidhani alinishukuru. Alininunia. Ugali alikula amegeukia ukuta. "Shule nzima walishajua nitaonekana," aliniambia. Sikumbembeleza sana. Nilijua kilichomuuma si kijana wala mto. Kilikuwa kimekuja kitu kutoka mbali, kikamchagua yeye, naye akakirudisha kwa mkono wake mwenyewe. Hilo linamuuma hata mtu mzima.

Filamu ilitoka. Gervas alimpata binti mwingine, wapi sijui. Oliva aliletewa na rafiki yake kwenye simu, akaja kukaa karibu yangu jikoni tukaangalia pamoja. Ngoma zikalia, zisizo na kwao. Bibi mbaya alikuwa mzuri kuliko ambavyo ningekuwa mimi. Ulipofika mto, Oliva akaufunika uso wa simu kwa kiganja.

"Yuko kama mimi, Bibi. Umri wangu."

"Huyu hana bibi?"

"Sijui."

Na mimi sijui. Ndilo linalonisumbua mpaka leo. Mlango wetu ulifungwa, mtu akasogea tu mlango wa pili.

Mwanangu unayenisoma, sikukatazi filamu wala vitabu vya hadithi. Zipo zilizotengenezwa kwa upendo, na mimi mwenyewe nikianza moja simalizi kupika. Wala sisemi hakuna mabinti wanaoozwa kwa nguvu. Wapo, nawajua kwa majina, na hakuna hata mmoja aliyeokolewa na bodaboda. Waliosaidiwa walisaidiwa na mwalimu, na mama mdogo, na jirani aliyethubutu kusema. Hao kwenye filamu siwaoni.

Kwa hiyo kaa na mashaka kidogo. Ukionyeshwa binti anakua, uliza nani amesimama pembeni na anataka nini kwake. Uliza wamekata nini hapo katikati, maana hapo walipokata ndipo binti anapokulia kweli. Kama kwako hakuna muziki wala kijana aliyekuja mbio, usifikiri umechelewa au una kasoro. Mwili wako si habari ya kutangaza na wala si aibu ya kuficha. Tafuta mtu mzima mmoja wa kusema naye huku mikono ina kazi. Na wewe mwanangu wa kiume, uliyeshika simu yako hapo, ikifika sehemu ile ambayo wengine wote wanaisubiri, jiulize wewe unasubiri nini. Mtu akija kukuomba uonekane, mwambie akueleze yote mbele ya mkubwa wako, akiwa amevua miwani. Akisita, umeshajibiwa.

Mungu akukuze taratibu, mwanangu, akupe shamba lako na maneno yako mwenyewe, na wakubwa wasiochoka kukusikiliza. Na yule binti wa kwenye filamu, ambaye hata jina lake sikuliona limeandikwa, Mungu amfunike na yeye.