Daftari la Waliochelewa

Nikisikia mtu anakung'uta viatu barazani, kishindo cha miguu kwenye mbao, hata leo naacha ninachofanya na kusikiliza. Ni sauti ya kawaida kwa aliyekulia Buffalo, ambako hakuna anayeingia ndani na theluji miguuni. Mimi sauti hiyo hunirudisha kwenye nyumba yetu ya Riverside, karibu na mto, nikiwa na miaka kumi na miwili na majivuno ya kumtosha mtu mzima. Sebuleni kunanukia maharage, soksi zinakauka juu ya hita, na mbele ya ubao mdogo mweupe amesimama Mwalimu Zakaria.

Mwalimu alikuwa ametufundisha katika kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma, kabla hatujapata safari ya Marekani. Septemba ile alifika Buffalo peke yake, na baba, Mrundi mwenzake, akampa chumba kwetu bila kumuuliza mtu. Wazazi walikuwa na hofu moja: tulishaanza kuwajibu kwa Kiingereza. Basi kila Jumamosi asubuhi, wao wakiwa kazini, Mwalimu aliwakusanya wanafunzi wake wa zamani waliokaa jirani, akatufundisha Kiswahili kwa sheria zilezile za kambini. Aliyechelewa alisimama nje mpaka kipindi kiishe. Kambini adhabu hiyo ilikuwa karibu sawa na mapumziko. Unasimama juani, unatazama mbuzi wa watu, unarudi. Mimi ndiye niliyekuwa kiranja. Nilishika daftari la waliochelewa, na sikumwonea mtu haya.

Mwezi Novemba theluji ilianguka siku tatu mfululizo. Mwalimu hakutoka. Aliitazama dirishani, mikono mfukoni, akasema ni nzuri. Jumamosi ile mama alikuwa amemwagiza mdogo wangu Neema, wa miaka minane, arudishe sufuria kwa Mama Furaha, jirani yetu Mkongomani. Ni nyumba ya pili tu, kwa hiyo Neema alitoka na kandambili na sweta. Aliporudi, kipindi kilikuwa kimeanza na Mwalimu alikuwa ametugeuzia mgongo, akiandika ubaoni. Neema akaingia kwa kunyata, akanitazama, akaweka kidole mdomoni. Ningeweza kunyamaza. Lakini asubuhi ile alikuwa amekula andazi langu, na kiranja ni kiranja.

"Mwalimu, Neema amechelewa," nikasema, huku naandika jina lake.

Hakugeuka hata kidogo. "Nje. Nitakuita."

Tuliendelea kusoma kwa zamu. Nyuma ya mlango nilimsikia Neema akipiga miguu kwenye mbao, haraka haraka. Kila mtoto pale sebuleni aliijua baridi ile. Mwalimu peke yake ndiye ambaye hakuijua, na hakuna aliyethubutu kumwambia, maana mwalimu hakosolewi na mtoto. Niliikodolea macho saa ya ukutani. Dakika tano. Dakika kumi. Kisha miguu ikanyamaza.

Nikanyoosha mkono.

"Shusha mkono, kiranja. Sijauliza swali."

Nikaushusha. Katika yote ya siku ile, hilo ndilo linaloniuma zaidi. Mwenzangu alimaliza aya nzima kabla sijasimama bila ruhusa na kufungua mlango. Barazani hapakuwa na mtu. Kandambili moja ilibaki kwenye ngazi, na ng'ambo ya mtaa haikuonekana kwa theluji iliyokuwa ikipeperushwa.

Mwalimu alitoka na soksi tu miguuni. Niliona uso wake baridi ilipomfika. Hapo ndipo alipoelewa. "Neema!" akaita, akateleza ngazini, akaanguka, akainuka, akaita tena. Mimi nililia, nikimwomba Mungu alifute lile jina daftarini.

Mlango wa nyumba ya pili ukafunguka. Mama Furaha alikuwa amembeba Neema ndani ya blanketi.

"Mwalimu, ni weye ulimutosha uyu mutoto inje? Na baridi hii? Donc unataka kumuua?"

"Ni mimi niliyemtoa," Mwalimu akasema. Tulimfuata Mama Furaha ndani, naye akaitia miguu ya Neema kwenye beseni la maji ya vuguvugu. Vidole vilikuwa vyeupe kama ugali. Damu ilipoanza kurudi Neema alipiga mayowe, nami nilishukuru kwa kila yowe. Mwalimu alipiga magoti mbele ya beseni, soksi zake zikichuruzika maji. "Nisamehe, mwanangu," akasema. Sikuwahi kusikia mwalimu akimwomba mtoto msamaha. Baba aliporudi kutoka kazini, Mwalimu alimpokea mlangoni akamweleza yote mwenyewe, wala hakunitaja.

Leo ninasaidia kufundisha watoto wadogo Louisville, mtaa wa Iroquois. Wanachelewa, wananikatiza, wanasema kabla ya kuulizwa, nami nawaacha waseme. Neema anasomea uuguzi Columbus, na vidole viwili vya mguu wake wa kushoto havikurudi sawa. Kwenye harusi za ndugu husimulia kisa hiki akicheka: "Mwalimu alinitoa nje!" Hajawahi kusema ni nani aliyemtaja. Nilijiaminisha kwamba amesahau.

Mwaka jana alikuja kunitembelea, theluji ikamchelewesha njiani. Nikasikia kishindo barazani, nikakimbilia mlango. "Nimechelewa," akasema, kisha akanitazama na kuweka kidole mdomoni, vilevile. Nilimwomba msamaha palepale mlangoni, machozi yakinitoka, kabla hajavua viatu. Mwalimu aliomba wa kwake siku ileile. Mimi nilichelewa karibu miaka kumi, na Neema hakuniacha nje.